Kipimo Kinasema Nini? Namna ya Kuonyesha Takwimu za Mita na Vipimo Ili Kila Mtu Azielewe

Mita ya umeme ukutani, mita ya maji kwenye bomba la kijiji, kipimo cha mvua shuleni, kifaa cha kupima hewa kwenye duara la dhahabu: vyote vina kazi moja. Vinamwambia mtu jambo ambalo macho yake peke yake hayawezi kuliona. Mtu huyo asipoelewa alichoambiwa, fedha iliyonunua kifaa imepotea, na wakati mwingine kinachopotea si fedha tu.

Katika makala hii tunaeleza jinsi takwimu za vifaa hivi zinavyopaswa kuonyeshwa ili mtu wa kawaida azielewe na achukue hatua. Tumewaandikia wajumbe wa kamati za maji, wakulima, wachimbaji wadogo na wenye maduara, na pia vijana wa mikoa ya Shinyanga na Geita wanaojifunza kutengeneza programu za simu. Mifano mingi ni ya hapa kwetu. Huhitaji kuwa fundi ili kuifuata.

Taarifa husafiri vipi

Kifaa kinachotuma taarifa kina sehemu nne.

Ya kwanza ni kihisi, yaani kile kinachopima: joto, kina cha maji, hewa au mwendo. Ya pili ni kitumaji, ambacho mara nyingi kina laini ya simu ndani yake, kama laini iliyo kwenye simu yako. Ya tatu ni seva, yaani kompyuta iliyo mbali inayopokea na kutunza namba zote. Ya nne ni pale mtu anaposoma: kioo cha kifaa chenyewe, ujumbe mfupi wa simu, ramani kwenye kompyuta ya ofisi, au ubao wa chaki nje ya ofisi ya kijiji.

Watu wengi wanaonunua vifaa hivi hutumia fedha nyingi kwenye sehemu tatu za kwanza na kuisahau ya nne. Wanapata kihisi kizuri, betri nzuri na mtandao mzuri, halafu mwishoni inatokea namba ambayo hakuna mtu kijijini anayejua maana yake. Makala hii inahusu sehemu hiyo ya nne.

LUKU: somo lililo ukutani kwako

Tuanze na kifaa ambacho wengi wetu tunakijua. LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Mita nyingi za LUKU hazizungumzi na TANESCO moja kwa moja. Wewe ndiye mjumbe: unalipa kwa simu, unapokea tarakimu 20, unaziingiza kwa vidole. Ndani ya tarakimu hizo kuna ujumbe uliofichwa unaoiambia mita iongeze uniti.

Mwaka 2024 wateja wengi walishangaa kupokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya kundi moja. Sababu ilikuwa hii: mfumo wa namba hizo, unaotumika katika nchi nyingi duniani, huhesabu muda kwa dakika kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Mita ambayo isingeboreshwa kabla ya siku hiyo isingekubali tena namba mpya. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa ya kuiboresha mita, na kundi la tatu ndilo lililobeba umeme. Aliyeingiza kundi la tatu peke yake aliona mita inakataa.

Somo hapa ni jepesi. Tarakimu 60 zilizofuatana bila maelezo zinamchanganya hata msomi. Tarakimu hizohizo zikiandikwa "Ingiza hii KWANZA", "Ingiza hii PILI", "Ingiza hii TATU, ndiyo yenye umeme", kila kundi kwenye mstari wake na limegawanywa kwa nne nne, bibi anaziingiza bila kumwita mjukuu.

Somo la pili la LUKU ni swali ambalo kioo hakilijibu. Kwa kawaida kioo cha mita huonyesha uniti zilizobaki. Lakini kwa mteja mdogo wa nyumbani swali lenye fedha ndani yake ni jingine: mwezi huu nimetumia uniti ngapi? Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa kundi la matumizi madogo alilipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti iliyozidi hapo ilikuwa shilingi 350, kabla ya kodi. Uniti 75 kwa siku 30 ni uniti mbili na nusu kwa siku. Mtu anayeona tu "zimebaki 12" hawezi kujua kama yuko salama au amekaribia mpaka. Onyesho zuri lingemwambia: "Leo ni tarehe 20. Umetumia 58 kati ya 75." Sentensi hiyo ina namba tatu tu, na mtu anajua afanye nini na pasi na jiko la umeme mpaka mwezi uishe.

Jambo la tatu ni makato. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU. Mtu akinunua umeme akapata uniti chache kuliko alivyozoea, huanza kuhisi ameibiwa. Ujumbe unaotaja kila kato kwa jina na kiasi chake, kisha uniti zilizobaki, huondoa shaka hiyo. Ujumbe unaoficha makato huharibu imani, na imani ikiharibika hata namba sahihi haziaminiki.

Maji: namba ya nani?

Wakazi wengi wa Kahama na Shinyanga wanatumia maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi. Vijiji vilivyo mbali na bomba hilo vinategemea visima, pampu za mkono na malambo. Huko ndiko vihisi vidogo vinaweza kusaidia sana, kwa sababu pampu ikiharibika ofisi ya wilaya huchelewa kujua.

Mfano mzuri uko kwa majirani zetu wa Kenya. Huko Kyuso, katika kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka chombo kidogo ndani ya mkono wa pampu. Chombo hicho kilihesabu mkono unavyopanda na kushuka, na kikatuma hesabu kwa ujumbe mfupi wa simu. Mkono ukiacha kwenda, fundi alijua. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Baada ya hapo wastani ulishuka chini ya siku tatu.

Chombo peke yake hakikutengeneza pampu hata moja. Kilichofupisha siku ni kwamba taarifa ilimfikia fundi ikiwa katika hali aliyoielewa: pampu fulani, mahali fulani, imesimama. Hakuletewa grafu ya mikono ya pampu kwa saa. Grafu hiyo inamfaa mtafiti. Fundi anataka jina la kijiji, na mama mwenye ndoo anataka kujua kama aende kisima hiki au kile.

Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, jiulize: nani atasoma, na akishasoma atafanya nini? Kipimo kilekile cha tangi la kijiji kinaweza kuhitaji maonyesho matatu:

- Kwa wananchi: "Maji ya leo yanatosha" au "Chota ndoo mbili kwa kaya."
- Kwa mhudumu wa pampu: "Washa pampu sasa" au "Tangi limejaa, zima."
- Kwa mhandisi wa wilaya: chati ya mwezi mzima, ili aone kama tangi linavuja usiku.

Vipimo navyo viwe vya maisha ya msomaji. Kihisi kikisema "kina sentimita 42", watu watatazamana. Kikisema "zimebaki ndoo 60", kila mtu ameelewa. Ndoo moja kubwa ni lita 20, hivyo lita 1,000 ni ndoo 50. Hesabu hiyo ifanywe na kompyuta. Mama asiachiwe kazi hiyo akiwa kwenye foleni.

Kimya si uzima

Hapa pana kosa ambalo limewaponza wengi. Kifaa kimeacha kutuma taarifa, lakini ramani ya ofisini bado inaonyesha alama ya kijani kwa sababu taarifa ya mwisho ilikuwa nzuri. Huenda betri imekwisha, mtandao umekatika, kifaa kimeibwa au mbuzi wametafuna waya. Wakati huo pampu inaweza kuwa imekufa wiki mbili zilizopita.

Onyesho zuri halichanganyi "salama" na "sijui". Kifaa kisipotuma taarifa kwa muda uliopangwa, alama yake igeuke kijivu na iandikwe: "Hakuna taarifa tangu Jumanne." Kila namba iende na umri wake.

Jambo hili linahusu hata takwimu zinazokusanywa na watu. Miaka ya 2011 hadi 2013, Wizara ya Maji ilituma watu kuhesabu vituo vya kuchotea maji nchini. Katika sehemu ya takwimu hizo iliyowekwa wazi kwa umma kuna vituo 59,400. Kati ya kila vituo 100, karibu 54 vilikuwa vinafanya kazi, 7 vilifanya kazi lakini vilihitaji matengenezo, na 38 havikufanya kazi. Makundi hayo matatu ni mfano wa onyesho zuri, kwa sababu yanaeleweka na kila kundi lina hatua yake. Lakini takwimu hizo ni za siku ambayo mhesabuji alipita. Anayezichora leo bila kuandika mwaka anamdanganya msomaji, hata kama kila namba ni ya kweli.

Duarani: namba ndogo, hatari kubwa

Sasa tushuke chini ya ardhi. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama wapo wachimbaji wadogo wanaoingia kwenye maduara marefu. Wanaogopa kuanguka kwa kuta, na ndiyo maana wanaweka matimba. Lakini hewa mbaya haina matimba. Pampu ya petroli ikiwashwa ndani ya duara ili kutoa maji, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hulegea, kisha huanguka, na mwenzake anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake.

Vipo vifaa vidogo vya mkononi vya kupima hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Vifaa vingi hupangwa vilie ikishuka chini ya asilimia 19.5. Kwa kaboni monoksaidi, vifaa vingi hupangwa vilie ikifika sehemu 35 katika sehemu milioni moja za hewa.

Tazama tatizo la kuonyesha namba hizi. Mtu akiona 20.9 jana na 19.4 leo, atasema tofauti ni ndogo, tushuke. Ukichora kwa mstari unaoanza sifuri mpaka mia, tofauti hiyo haionekani kabisa kwa macho. Kumbe hapo ndipo kifaa kinapolia, na oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10 mtu anaweza kuzimia bila onyo. Kwenye gesi nyingine mambo ni kinyume: namba ikipanda ndiyo hatari. Kwa hiyo kifaa kimoja kina namba mbili, moja ni mbaya ikishuka na nyingine ni mbaya ikipanda. Usimtarajie mtu aliyechoka, gizani, mwenye jasho machoni, akumbuke ipi ni ipi.

Onyesho la duarani lisiwe na namba mbele. Mbele liwe na neno moja kubwa: SHUKA au TOKA. Liwe na mlio unaosikika kuliko kelele za karasha na jenereta, na mtikisiko kwa anayefanya kazi mahali pa kelele. Namba zibaki nyuma kwa ajili ya msimamizi na mkaguzi wa madini. Kifaa cha pili kiwe juu, mdomoni mwa duara, kwa sababu wa juu ndiye mwenye uwezo wa kuita msaada na kumzuia mwingine asishuke bila kinga.

Kuna tahadhari nyingine. King'ora kinacholia ovyo kila saa hugeuka kero. Watu hukizima, au hukifunga kwa kitambaa. Siku ya hatari ya kweli hakuna anayesikia. Kwa hiyo kupanga kiwango cha kulia ni sehemu ya kazi ya kuonyesha taarifa, na kifaa kijaribiwe na kuhakikiwa mara kwa mara kwa utaratibu wa mtengenezaji wake.

Mvua, milimita na rangi

Sisi watangazaji tuna kosa letu. Mara nyingi tunasoma: "Jana zimenyesha milimita 20," halafu tunaendelea na habari nyingine. Mkulima wa pamba au mwenye majaruba ya mpunga anabaki na swali. Tufafanue: milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba. Ekari moja ina karibu mita za mraba 4,047. Hivyo milimita moja kwenye ekari ni kama lita 4,000, sawa na mapipa 20 ya lita 200. Milimita 20 ni kama mapipa 400 kwa ekari. Ukisikia hivyo, unaanza kupata picha.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutumia rangi kwenye tahadhari zake za hali mbaya ya hewa: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Jambo zuri ni kwamba rangi haisimami peke yake, inaambatana na neno. Hilo ni muhimu kwa sababu tatu. Wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Zipo simu ndogo zenye vioo visivyo na rangi nyingi. Na kuna redio, ambayo haina rangi kabisa. Taarifa isiyoweza kusomwa kwa sauti ikaeleweka bado haijakamilika.

Mwadui: taarifa kwa anayeishi chini ya ukuta

Novemba 7, 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson, huko Mwadui wilayani Kishapu, ulipasuka. Tope likaenea kwenye mashamba na makazi ya watu. Hakukuripotiwa vifo, lakini kaya zilipoteza nyumba, mashamba na vyanzo vya maji. Karibu miaka minne kabla, Januari 25, 2019, bwawa la aina hiyo lilipasuka Brumadinho, nchini Brazili, na watu 270 walipoteza maisha. Baada ya msiba huo, Agosti 2020 ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa kusimamia mabwawa ya mabaki ya migodi, ambao unataka jamii zilizo jirani zihusishwe na zipewe taarifa.

Mabwawa makubwa ya sasa huwekewa vihisi vinavyopima shinikizo la maji ndani ya ukuta, na mengine hutazamwa kwa setilaiti ili kuona kama ukuta unasogea. Wahandisi husoma chati za vihisi hivyo. Swali letu ni: mwananchi wa kijiji kilicho chini ya bwawa aonyeshwe nini?

Hahitaji chati ya shinikizo. Anahitaji mambo manne. Hali ya leo kwa neno moja. Siku bwawa lilipokaguliwa mwisho. Ishara atakayoisikia ukuta ukiwa hatarini. Na njia ya kukimbilia, imechorwa kwa alama za kijiji chake mwenyewe: shule, kanisa, msikiti, mbuyu mkubwa, mwinuko ule pale. Ramani yenye mistari ya vipimo vya ardhi peke yake haimsaidii mtu anayekimbia na mtoto mgongoni.

Kanuni saba za onyesho linaloeleweka

Tukikusanya masomo yote hayo, tunapata kanuni saba.

1. Anza na hatua. Kabla ya kuonyesha namba, jua msomaji atafanya nini akiiona. Kama hakuna cha kufanya, huenda namba hiyo haihitajiki.

2. Jambo moja kubwa kwa kioo kimoja. Jibu liwe juu na liwe kubwa, maelezo yawe chini.

3. Tumia vipimo vya maisha: ndoo, mapipa, siku zilizobaki, shilingi. Namba ya kitaalamu iwepo, lakini pembeni.

4. Linganisha. "58" haisemi kitu. "58 kati ya 75" inasema.

5. Rangi iende na neno au umbo. Usiiache rangi peke yake.

6. Onyesha umri wa taarifa, na onyesha wazi kama hakuna taarifa.

7. Ieleweke bila intaneti. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160 tu. Kama jambo lako haliingii humo, bado hujalielewa vizuri wewe mwenyewe.

Mfano wa ujumbe mbaya wa pampu ni huu: "DVC 0417 LVL 0.42 BAT 3.1 STS 2." Ujumbe uleule ukiandikwa vizuri: "Tangi la shuleni: zimebaki ndoo 60. Washa pampu kabla ya saa 10 jioni. Kipimo cha leo saa 3 asubuhi." Wa pili una herufi chini ya 160, na haumhitaji mtafsiri.

Jaribio la dakika tano

Kijana unayetengeneza programu, usimuulize mtu "Umeipenda?" Atakujibu ndiyo kwa adabu, hasa kama amekukaribisha kwake. Mpe simu, nyamaza, kisha muulize maswali matatu: Hii inasema nini? Ni ya lini? Ungefanya nini sasa?

Fanya hivyo kwa watu watano wasiofanana: mzee, mama, kijana aliyeacha shule, mtu mwenye simu ya kitochi, na mtu asiyesoma ambaye utamsomea. Wafanye jaribio hilo juani, nje, kwa sababu kioo kinachoonekana vizuri ofisini huweza kufifia kabisa kwenye jua la Shinyanga mwezi wa Oktoba. Wawili kati ya watano wakikosea mahali pamoja, kosa ni la onyesho. Usiwalaumu wao.

Ubao wa chaki nao ni onyesho

Kamati isiyo na kompyuta isijione imeachwa nyuma. Chukua ubao, uweke mahali watu wanapopita. Chora tangi kubwa na uligawe kwa mistari minne. Kila asubuhi mhudumu ajaze kwa chaki mpaka maji yalipo. Chini aandike mistari mitatu: tarehe na saa, ndoo zilizobaki, na fedha zilizokusanywa wiki hii. Siku ambayo kipimo hakikusomwa, aandike wazi: "Leo hatukupima."

Ubao huo hutimiza karibu kanuni zote saba. Zaidi ya hapo, unasomwa na watu wakiwa pamoja, hivyo asiyejua kusoma huelezwa na mwenzake papo hapo, na mwenye shaka huuliza mbele ya wengine.

Taarifa ni za nani

Mita inayotuma taarifa inajua mambo mengi juu yako. Inajua saa unayoamka, siku usiyokuwa nyumbani, na kama umeshindwa kulipa. Kwa hiyo siyo kila kitu kinafaa kuwekwa ubaoni. Jumla ya kijiji iwekwe wazi, lakini matumizi ya kaya moja moja yabaki kwa mwenye kaya. Orodha ya wadaiwa yenye majina siyo takwimu, ni kuaibishana.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Anayekusanya taarifa zako anapaswa kukuambia anazikusanya kwa kazi gani.

Maswali ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji

Mradi wa vifaa ukiletwa kijijini kwenu, uwe wa maji, umeme, mvua au usalama wa mgodi, simama uulize maswali haya kabla ya kupiga makofi:

- Kifaa hiki kinapima nini, na kwa kipimo gani?
- Sisi tutaona nini, wapi, na kwa lugha gani?
- Mwenye simu ya kitochi ataona nini?
- Kifaa kikinyamaza, tutajuaje?
- Kikitoa hatari, nani anawajibika kuchukua hatua, na ndani ya saa ngapi?
- Nani mwingine anaziona taarifa zetu?
- Betri na vocha ya laini italipwa na nani mradi ukiisha?

Anayeleta kifaa asipoweza kujibu maswali hayo kwa Kiswahili chepesi, mwambieni akajipange arudi. Mtakaoishi na kifaa hicho ni ninyi.

Unaweza kuisoma makala hii kwa sauti kwenye kikao cha kamati yenu, au kuituma kwa mwenzako kwenye simu. Sisi kwa upande wetu, tukitangaza milimita za mvua, tutazitafsiri pia kwa mapipa.